Kwa nini madoa ya kobe hufifia anapokua, na ni rangi gani ya gamba inayoashiria ugonjwa

Wiki chache zilizopita tulipokea ujumbe kwenye kipindi chetu cha asubuhi kutoka kwa mama mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi. Alieleza kwamba watoto wake walimwokota kobe mdogo shambani wakati wa palizi, miaka mingi iliyopita. Wakati huo kobe huyo alikuwa anaenea kwenye kiganja cha mkono, gamba lake la manjano lenye madoa meusi, mazuri ya kutazama. Sasa watoto wamekua na kobe naye amekuwa na ukubwa wa sufuria ya ugali, lakini madoa yale yamekatika katika na kufifia. Mgongo umebaki wa kahawia, unakaribia rangi ya jiwe.

Mama huyo akaendelea kueleza kwamba jirani mmoja amemwambia kobe anaumwa, ampake mafuta ili rangi irudi. Mwingine amekuja na fedha mkononi anataka kumnunua, akidai kobe mwenye rangi ile amekwisha fikisha miaka mia moja na ana bei yake mjini. Swali la mama lilikuwa moja: "Nimsikilize nani?"

Tulipousoma ujumbe huo hewani, wasikilizaji wengi walipiga simu na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Muda wa kipindi haukutosha. Ndiyo maana nimeona niliandike jambo hili hapa kwa utaratibu, ili uweze kulisoma kwenye simu yako na kumsomea mwenzako.

Jibu fupi kwa mama ni kwamba asimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Gamba la kobe kufifia polepole, mwaka hadi mwaka, ni jambo la kawaida. Mafuta hayatairudisha rangi na yanaweza kumdhuru. Tena rangi ya gamba haitoshi kukuambia kobe ana miaka mingapi. Hata hivyo, yapo mabadiliko mengine ya rangi ambayo ni dalili ya ugonjwa, na hayo ni vizuri kila mtu ayajue.

Kobe tunayemzungumzia

Kobe anayeokotwa zaidi mashambani na kwenye malisho yetu ni yule mkubwa mwenye madoa. Anapatikana kuanzia Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Kwa Kiingereza wamempa jina la chui kwa sababu ya madoa yake. Anakula nyasi, majani na mimea ya porini, na akitunzwa na bahati yake anaweza kuishi zaidi ya miaka 50.

Akitoka kwenye yai anakuwa na urefu wa sentimita 4 hadi 5 tu. Gamba lake ni la manjano au rangi ya maziwa, na kila kipande cha gamba kina doa jeusi moja au mawili katikati, na mstari mweusi pembeni. Anapoendelea kukua, weusi ule unagawanyika kuwa vidoa vidogo vidogo na michirizi. Akiwa mzee kabisa, mara nyingi anabaki wa kahawia au kijivu, na madoa yanaonekana kwa mbali au hayaonekani kabisa.

Rangi za utotoni zina kazi. Kobe mchanga ana gamba laini na maadui wengi: kunguru, tai, nguchiro na wengine. Akikaa kimya kwenye nyasi kavu zenye mwanga na kivuli, yale manjano na meusi yanamfanya asionekane kwa urahisi. Mtu anaweza kumpita hatua moja tu asimwone. Akishakuwa mkubwa, gamba limekuwa gumu na zito, na maadui wanaomweza wamepungua.

Gamba ni sehemu ya mwili

Tumezoea kusema kobe anatembea na nyumba yake. Usemi huo unapendeza, lakini unatufanya tusahau jambo moja: nyumba mtu anaweza kutoka akaiacha, ila kobe hawezi kutoka kwenye gamba lake. Mbavu zake na uti wake wa mgongo vimeungana na gamba. Ukiona gamba tupu porini, ligeuze utazame ndani, utauona mstari wa uti wa mgongo umeshikamana nalo.

Chini kabisa kuna mfupa. Juu ya mfupa kuna tabaka jembamba lililo hai, lenye damu na mishipa ya fahamu. Juu ya tabaka hilo kuna vipande vigumu vilivyopangwa kama vigae vya paa. Vipande hivyo vimetengenezwa kwa keratini, kitu kile kile kinachotengeneza kucha zako, kwato za mbuzi na pembe za ng'ombe. Mgongoni kwa kobe huyu kuna vipande vikubwa 13, na vingine vidogo vimezunguka ukingoni.

Kwa sababu ya lile tabaka lililo hai, kobe anahisi unapomgusa mgongoni. Ukimkwaruza, anajua. Ukimtoboa, anaumia.

Rangi inatoka wapi

Katika lile tabaka lililo hai kuna chembe zinazotengeneza rangi nyeusi, iitwayo melanini. Ni rangi hiyo hiyo inayofanya ngozi na nywele zetu kuwa nyeusi. Kipande cha gamba kinapokua, keratini mpya hutengenezwa kutoka chini, na pale chembe zinapoweka melanini panatokea doa jeusi. Pale zisipoweka, panabaki manjano.

Sasa fikiria namna kipande hicho kinavyoongezeka. Kile kidogo alichozaliwa nacho kobe kinabaki katikati. Keratini mpya inaongezeka kukizunguka, mduara baada ya mduara. Kwa hiyo ukimtazama vizuri kobe ambaye hajazeeka, katikati ya kila kipande utaona sehemu ndogo yenye vinyweleo vidogo kama chembe za mchanga. Hiyo ndiyo aliyozaliwa nayo. Miduara inayofuata imeongezwa baadaye, na kila mduara una madoa yake.

Hapo ndipo penye sababu ya kwanza ya mabadiliko. Madoa ya utotoni hayapanuki pamoja na mwili kama picha iliyochorwa kwenye puto. Yanabaki na ukubwa wake pale katikati, wakati gamba jipya linaongezeka pembeni likiwa na mpangilio wake mwingine. Ndiyo maana mchoro wa kobe wa miaka mitatu haufanani na wa kobe yule yule akiwa na miaka 15.

Sababu ya pili ni kusuguliwa. Kobe huyu hupita kwenye miiba, hujisukuma chini ya vichaka, husugua mgongo kwenye mawe. Jua humpiga kila siku. Kama mpini wa jembe unavyolainika na kubadilika rangi kwa kushikwa miaka mingi, ndivyo na tabaka la juu la gamba linavyolika.

Sababu ya tatu ni kwamba kobe mzee hakui kwa kasi. Akiwa mdogo, gamba jipya lenye rangi kali linaongezeka kila mvua zinaponyesha. Akiwa mkubwa, ongezeko hilo ni dogo sana, hivyo kinacholika hakipati cha kukifunika haraka. Mwisho wake ni ule mgongo wa kahawia aliouona mama yetu.

Je, unaweza kusoma umri kwenye gamba?

Wasikilizaji watatu walipiga simu wakasema hesabu miduara kwenye kipande kimoja cha gamba, kila mduara ni mwaka mmoja. Habari hii imeenea sana, na ina ukweli kidogo ndani yake.

Mduara unatokea kobe anapokua kwa kasi wakati wa majani mengi, kisha anapunguza au kusimama kukua wakati wa kiangazi. Tatizo ni kwamba miaka yetu haifanani. Kwenye mikoa yenye vuli na masika, kobe anaweza kupata misimu miwili ya kukua ndani ya mwaka mmoja. Mwaka wa ukame anaweza asiongeze mduara wa kuonekana. Na kobe anayelishwa nyumbani mwaka mzima ana hesabu yake nyingine. Zaidi ya hapo, akizeeka miduara ya zamani inasuguliwa na kupotea. Kwa kobe mdogo miduara inaweza kukupa makadirio. Kwa kobe mzee haikusaidii.

Mfano mzuri uko Zanzibar. Kwenye kisiwa cha Changuu, karibu na Mji Mkongwe, kuna kobe wakubwa sana wenye asili ya Shelisheli, ambao wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Baadhi yao wana namba ya umri iliyoandikwa mgongoni kwa rangi. Kama umri ungesomeka kwenye gamba lenyewe, nani angehangaika kuuandika?

Kobe maarufu zaidi kwa uzee duniani, aitwaye Jonathan, yuko kisiwa cha St Helena katika bahari ya Atlantiki. Inakadiriwa alizaliwa mnamo mwaka 1832. Makadirio hayo hayakutokana na rangi wala miduara ya gamba lake. Yalitokana na kumbukumbu kwamba alipopelekwa kisiwani humo mwaka 1882 alikuwa tayari ni kobe mkubwa kamili, na kobe wa aina yake huhitaji miaka mingi kufikia ukubwa huo.

Kwa hiyo yule mnunuzi anayesema rangi ya kahawia maana yake miaka mia moja hana ushahidi. Kobe aliyeokotwa akiwa anaenea kiganjani, na watoto waliomwokota bado ni vijana, hajafika hata robo ya miaka hiyo.

Ndugu zake nao hubadilika

Kobe mwenye madoa si wa pekee katika hili. Kwenye miamba ya Tanzania na Kenya yuko kobe mwingine, bapa kama chapati, anayejificha kwenye nyufa za mawe. Akiwa mdogo, mchoro wa manjano na weusi mgongoni mwake unang'aa zaidi kuliko anapokuwa mkubwa. Huyu yuko katika hatari kubwa ya kutoweka, na tangu mwaka 2019 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Wenzetu wa pwani wanamjua kasa. Watoto wa kasa wa aina ile iitwayo kasa wa kijani hutoka kwenye mchanga wakiwa weusi mgongoni na weupe tumboni. Wakikua, mgongo huwa wa kahawia au wa rangi ya zeituni. Jina la kijani limetokana na rangi ya mafuta yaliyo ndani ya mwili wake.

Huenda pia umewahi kuona kwenye simu picha za kobe wadogo wa maji, kijani kibichi, wenye alama nyekundu nyuma ya jicho, wanaofugwa ndani ya matangi ya kioo. Asili yao ni Marekani. Wakikua, ule ukijani huwa wa zeituni au kahawia, na madume wengine wazee huwa karibu weusi kabisa. Watu wengi huwanunua kwa ajili ya rangi, kisha huwatupa mitoni rangi ikishaondoka. Huko walikotupwa wamegeuka kuwa tatizo kwa kobe wenyeji.

Rangi zinazoashiria tatizo

Tofauti kubwa ya kushika ni hii: uzee hubadilisha gamba polepole kwa miaka, na gamba linabaki gumu. Ugonjwa hubadilisha gamba kwa siku au wiki, mara nyingi sehemu moja tu. Angalia mambo haya:

Madoa meupe yanayobanduka, yenye mashimo au harufu mbaya. Hii inaweza kuwa fangasi au bakteria wanaokula gamba. Kobe anayekaa mahali penye unyevu na uchafu hupata zaidi.

Wekundu unaoenea, hasa kwenye gamba la tumboni, huku kobe akiwa mnyonge na hali chakula. Maambukizi yanaweza kuwa yameingia kwenye damu. Hili ni jambo la haraka.

Gamba kuwa laini ukilibonyeza, au kupinda. Kobe mchanga sana ana gamba lenye kunepa kidogo, hilo ni kawaida. Lakini kobe mkubwa gamba lake halipaswi kubonyea. Mara nyingi sababu ni kukosa madini ya kalsiamu na kukosa jua. Kobe anayefungiwa stoo na kulishwa ugali na wali hawezi kuwa na gamba zuri. Chakula chake ni nyasi na majani, na jua la asubuhi analihitaji.

Weupe au kijivu cha mfupa baada ya moto. Tunapochoma mashamba, kobe hawezi kukimbia. Anayenusurika anaweza kupoteza vipande vya keratini na mfupa ukabaki wazi. Wengine hupona na kubaki na makovu ya rangi tofauti maisha yao yote. Ukimkuta kobe mwenye kovu kubwa lisilo na madoa, pengine ndiyo historia yake.

Pia kuna kisicho na shida: mstari mwembamba wa rangi nyepesi kati ya kipande na kipande, hasa baada ya mvua. Hilo ni gamba jipya. Maana yake anakua.

Ukiona dalili za ugonjwa, mweke kobe mahali pakavu na safi, mkinge na inzi, na umtafute daktari wa mifugo. Usianze kwa kukwangua wala kumwagia dawa ya kuku.

Usipake, usitoboe

Narudi kwa jirani wa mafuta. Ukimpaka kobe mafuta ya kupikia, atang'aa siku moja. Kesho yake vumbi limeganda mgongoni, na chini ya uchafu huo fangasi hupata mahali pa kukaa. Mafuta machafu ya injini ni mabaya zaidi kwa sababu yana sumu. Rangi ya nyumba au ya kucha nayo ina kemikali zisizomfaa mnyama, na inamfanya aonekane kwa mbali na kila adui, binadamu akiwemo. Mtu ataniuliza habari ya wale wa Changuu. Wale wana walinzi wanaowaangalia kila siku. Usiige nyumbani.

Wapo pia wanaotoboa tundu ukingoni mwa gamba ili kumfunga kamba kama mbuzi. Kumbuka chini ya kile kipande kuna tabaka lililo hai na mfupa. Tundu hilo ni kidonda kilicho wazi.

Mikono ya watoto

Kobe, hata mwenye afya nzuri na gamba linalong'aa, anaweza kubeba bakteria waitwao salmonela. Yeye hawamdhuru, lakini mtoto mdogo anaweza kuharisha vibaya, kupata homa na kulazwa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofikia takribani sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Mtoto akimshika kobe, anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kobe asitembee jikoni, na chombo chake cha maji kisichanganywe na vyombo vya kulia.

Na sheria je?

Hapa ndipo wasikilizaji wengi walishtuka. Kobe ni mnyamapori. Kwa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa mtu anayemkamata, kumfuga au kumuuza mnyamapori. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2013. Yule mnunuzi mwenye fedha mkononi akikamatwa njiani na kobe kwenye kiroba, ataulizwa alimtoa wapi, naye atakutaja.

Ushauri wangu kwa mama ni aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, aeleze kwa ukweli namna kobe alivyofika nyumbani, na aulize la kufanya. Kwenda mwenyewe kuuliza ni tofauti na kukutwa. Asimpakie kwenye pikipiki na kwenda kumwacha pori la mbali, kwa sababu kobe akiwekwa mahali asipopajua hutangatanga, na anaweza kuwapelekea wa huko magonjwa.

Na wewe utakayemkuta kobe kwenye palizi msimu huu, mtazame mgongo wake, waonyeshe watoto ile sehemu ndogo ya katikati aliyozaliwa nayo, kisha muache aendelee na safari yake. Kama yuko katikati ya barabara, mvushe upande ule ule aliokuwa anaelekea. Ukimgeuza alikotoka, atarudi tena barabarani.

Kama una swali zaidi kuhusu kobe, tutumie ujumbe kwa namba ile ile ya kipindi. Nitayapeleka maswali kwa daktari wa mifugo, na majibu yake nitayasoma hewani.